Vijana Walioimba Nyimbo za Wazee



Nimeombwa nizungumze juu ya mahipi na muziki wao. Najua picha iliyomo vichwani mwenu: nywele ndefu, shanga shingoni, miguu mitupu, moshi wa bangi, na kibasi cha Volkswagen kilichopakwa maua. Picha hiyo si ya uongo. Lakini inaficha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika enzi ile. Kizazi kilichojitapa kwamba hakina haja na wazee kilipanda jukwaani kikaimba nyimbo za wazee. Tena si wazee wake tu. Kilikopa kwa wazee wa watu wengine, wengi wao maskini, wengi wao weusi, na sehemu ya deni lile haijalipwa hadi leo.

Mwaka 1964, katika vuguvugu la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwanaharakati Jack Weinberg alimwambia mwandishi wa habari kwamba wao hawamwamini mtu aliyevuka miaka 30. Alisema hivyo ili kumfukuza mwandishi aliyekuwa akimsumbua, lakini kauli ikashika, ikawa mbiu ya kizazi kizima. Haya, mwaka huohuo redio zilikuwa zikipiga nini? Moja ya nyimbo zilizofika namba moja Uingereza na Marekani ilikuwa The House of the Rising Sun, ya vijana watano wa Newcastle walioitwa The Animals. Wimbo huo ulikuwa ukizunguka kusini mwa Marekani kabla vijana hao hawajazaliwa. Mwaka 1937 mkusanyaji wa nyimbo, Alan Lomax, alifika Middlesboro, Kentucky, na mashine yake ya kurekodia, akamnasa binti wa mchimba makaa ya mawe, Georgia Turner, mwenye miaka 16, akiuimba. Binti hakuutunga, aliurithi, kama nyimbo hizi zilivyorithiwa siku zote. Miaka 27 baadaye santuri ya The Animals ilipotoka, mpangaji wa wimbo aliandikwa mtu mmoja tu, Alan Price, mpiga kinanda wao. Wenzake wa bendi wakabaki kulalamika. Georgia Turner hakuwa hata kwenye orodha ya walalamikaji.

Sasa, nyimbo za wachimba makaa na wavuna pamba ziliwafikiaje watoto wa mijini waliolelewa na televisheni? Njia zilikuwa nyingi, nami nitataja mbili kwa sababu kila moja ina kichekesho chake.

Ya kwanza ni Harry Smith, mkusanyaji wa santuri kuukuu, mtu wa vituko. Mwaka 1952, kupitia kampuni ndogo ya Folkways ya New York, alitoa mkusanyiko wa nyimbo 84 zilizorekodiwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, santuri ambazo zamani ziliuzwa kwa watu wa mashambani na kusahauliwa. Ruhusa ya makampuni yaliyozimiliki hakuomba. Wala hakuandika nani mweusi na nani mzungu, katika nchi ambayo hata mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa yametengwa kwa rangi. Hivyo watu wengi waliamini kwamba mwimbaji mmoja mwenye sauti laini, Mississippi John Hurt, alikuwa mzungu wa milimani. Alikuwa mkulima mweusi, na alikuwa hai. Mwaka 1963 kijana mmoja alisikiliza kwa makini santuri ya Hurt ya mwaka 1928, akamsikia akitaja kijiji chake, Avalon, akatafuta ramani ya Mississippi, akaendesha gari hadi huko, akamkuta mzee mwenyewe. Mwaka huohuo Hurt alipanda jukwaa la Tamasha la muziki wa jadi la Newport mbele ya maelfu ya vijana. Aliishi miaka mitatu tu ya umaarufu, alifariki 1966. Wakati huo bendi ya The Lovin' Spoonful ilikuwa ikivuma redioni, na jina lake lilichotwa kwenye wimbo wa mzee huyo.

Njia ya pili ilifunguliwa, bila kukusudia, na wawindaji wa wakomunisti. Pete Seeger, mpiga banjo na mwanachama wa zamani wa chama cha kikomunisti, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1955, akakataa kujibu maswali kuhusu siasa zake na rafiki zake. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu. Kwa miaka mingi vituo vikubwa vya televisheni havikumtaka. Basi Seeger akaenda ambako hakuna aliyejali kumzuia: shule, vyuo, na kambi za watoto za likizo. Walimfungia mlango wa sebule za watu wazima, wakamwachia watoto wao. Watoto aliowafundisha kuimba miaka ya 1950 ndio waliofuga nywele miaka ya 1960.

Mwaka 1965 ndipo umeme ulipoingia. Vijana wa Los Angeles waitwao The Byrds waliuchukua wimbo wa Bob Dylan, Mr. Tambourine Man, wakautia ngoma na gitaa la umeme, na mwezi Juni ukafika namba moja Marekani. Waandishi wa magazeti ya muziki wakaubatiza mtindo huo folk rock. Mimi nitauita roki ya jadi, mnivumilie. Siri ya mlio wake ilikuwa gitaa la Rickenbacker la nyuzi 12 la Jim McGuinn, aliyekuja baadaye kujulikana kama Roger. McGuinn alisoma muziki wa jadi katika shule ya Old Town kule Chicago, na alikuwa mpiga banjo. Ile mizunguko ya vidole vya banjo, ambapo nyuzi hudonolewa moja baada ya nyingine bila kupumzika, aliihamishia kwenye gitaa la umeme, na nyuzi pacha zikaipa mng'aro kama wa njuga. Banjo lenyewe ni ala iliyovuka Atlantiki kichwani mwa Waafrika waliotiwa utumwani. Kwa hiyo mlio uliosifiwa kuwa mpya kabisa, wa kizazi kisicho na jana, ulikuwa na jana ya miaka mia tatu. Wimbo wao wa pili kufika namba moja, Desemba 1965, ulikuwa mkongwe zaidi: Turn! Turn! Turn!, ambao Seeger aliutungia sauti kwa maneno ya sura ya tatu ya Mhubiri. Wanaosoma Biblia hapa wataelewa kwamba ukitaka mtunzi mwenye umri uliopita miaka 30, humpati zaidi ya huyo.

Ruhusuni nimtaje mtu ambaye vitabu vingi humpitia mbio. Tom Wilson alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Waco, Texas, msomi wa Harvard, mpenzi wa jazi, aliyeajiriwa na kampuni ya Columbia kuwa mtayarishaji. Mwaka 1964 aliwarekodi vijana wawili, Paul Simon na Art Garfunkel, wakiimba kwa gitaa kavu. Albamu ilidoda, wawili wakaachana, Simon akaenda kuhangaika Uingereza. Lakini redio chache ziliendelea kupiga wimbo mmoja wa albamu ile, The Sound of Silence. Juni 1965 Wilson aliwaita wapigaji wa kukodi studioni, akaongeza gitaa la umeme, besi na ngoma juu ya rekodi ya zamani. Wenyewe hakuwaambia. Januari 1966 wimbo ukawa namba moja Marekani, na Simon alipata habari akiwa Ulaya. Ni Wilson huyuhuyu aliyekaa kwenye kiti cha mtayarishaji Dylan aliporekodi Like a Rolling Stone mwezi huohuo wa Juni. Mtu mmoja mweusi, katika wiki chache, aligeuza mkondo wa muziki wa vijana weupe wa dunia nzima, na leo ukiuliza barabarani hata Marekani, watu wengi hawamjui.

Kuhusu Newport, 25 Julai 1965, siku Dylan aliyekuwa na miaka 24 alipopanda na gitaa la umeme na watu wakamzomea, nisiseme mengi; hadithi imeimbwa kupita kiasi. Watu wanasimulia kwamba Seeger alitaka kukata nyaya kwa shoka. Seeger mwenyewe baadaye alieleza kwamba kilichomuudhi ni kutosikika kwa maneno. Mimi namwamini. Kwa mtu wa nyimbo za jadi maneno ndiyo mali, na vipaza sauti vya siku zile vilikuwa vibovu.

Mama ambaye jina lake ningetaka mlibebe kwenda nalo nyumbani ni Elizabeth Cotten. Alizaliwa Carolina ya Kaskazini miaka ya 1890, katika familia ya watu weusi maskini. Akiwa binti mdogo aliacha shule akafanya kazi za ndani, akadunduliza hadi akanunua gitaa la dola 3.75. Alikuwa mashoto na hakuna aliyemfundisha, basi akaligeuza gitaa juu chini: besi akaipiga kwa kidole cha shahada, sauti ya wimbo kwa gumba. Akatunga wimbo kuhusu treni ya mizigo iliyokuwa ikipita karibu na kwao. Kisha kanisa likamwambia nyimbo za kidunia haziendi na wokovu, akaliweka gitaa chini. Miongo ikapita. Siku moja, akifanya kazi katika duka kubwa la Washington, alimwokota mtoto wa kike aliyepotea akamrudisha kwa mama yake. Mtoto ni Peggy, na familia ni ya akina Seeger. Wakamwajiri kuwa mpishi na mfanyakazi wa ndani. Magitaa yalikuwa yametundikwa ukutani kwao, na siku wenye nyumba walipogundua kwamba mfanyakazi wao anayashusha na kupiga namna ile, alikuwa ni bibi tayari.

Peggy alikwenda na wimbo wa treni Uingereza. Mwaka 1957 Freight Train ukavuma huko, na kwenye santuri watunzi wakaandikwa watu wengine. Ilibidi kuwe na mvutano wa kisheria ndipo Mama Cotten arudishiwe sehemu ya haki yake. Vijana wa magitaa wa miaka ya 1960 walijifunza mtindo wake kidole kwa kidole. Ni kama somo la kwanza ambalo kila mmoja alipitia. Alipata tuzo ya Grammy mwaka 1985, akiwa na miaka takriban 90, akafariki 1987. Kuku wa maskini hatagi, wahenga walisema, na akitaga haangui. Huyu aliangua, ila mwewe alikuwa anasubiri.

Sasa mahipi wenyewe. Januari 1967 walikusanyika maelfu kwa maelfu katika bustani ya Golden Gate, San Francisco, na kiangazi kilichofuata vijana wanaokisiwa kufika 100,000 walimiminika mtaa wa Haight-Ashbury. Kundi la Diggers liligawa chakula bure, daktari David Smith akafungua zahanati ya bure iliyodumu miongo mingi. Kulikuwa pia na watoto wa miaka 15 waliolala barabarani, na dawa za kulevya zilizoua. Oktoba 1967 wenyeji wa mtaa walifanya mazishi ya mzaha ya uhipi, wakabeba jeneza barabarani, kwa sababu biashara ilikuwa imeumeza. Ndiyo kusema, hipi wa kweli alizikwa kabla dunia haijajua kuvaa kama yeye.

Na mkumbuke vita. Kijana wa Kimarekani wa miaka 18 aliweza kupelekwa Vietnam, lakini katika majimbo mengi hakuweza kupiga kura mpaka afike 21. Sheria ilibadilika mwaka 1971. Zaidi ya Wamarekani 58,000 hawakurudi, na Wavietnam waliokufa ni wengi mara nyingi zaidi. Ukiondoa vita, roki ya jadi ni muziki mzuri wa mapenzi na huzuni. Ukiiweka vita, unaelewa kwa nini vijana walikwenda kutafuta nyimbo za watu waliowahi kuteseka na kustahimili. Nyimbo za wazazi wao, za dansi na mwezi mpevu, hazikuwa na maneno ya kuzikia rafiki.

Tamasha la Woodstock linathibitisha ninachosema. Ijumaa, 15 Agosti 1969, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, New York, umati uliokuja kufikia watu zaidi ya 400,000 ulikuwa unasubiri. Barabara zimefungana, wanamuziki wamekwama njiani. Akasukumwa jukwaani Richie Havens, kijana mweusi wa Brooklyn, na gitaa lake kavu. Akaimba nyimbo zake zote. Wakamwambia rudi, wengine hawajafika. Akarudi, tena na tena, mpaka akaishiwa. Akaanza kulicharaza gitaa, akatoa neno moja, uhuru, akalirudia, kisha mdomoni mwake ukaja wimbo wa kiroho wa watumwa, ule wa mtoto asiye na mama. Moja ya sherehe kubwa kuliko zote za ujana katika karne ya 20 ilifunguliwa kwa kilio cha mababu waliouzwa. Havens alipoishiwa nyimbo zake, cha kushika kilikuwa hicho tu.

Wenye akili zaidi miongoni mwao walilijua deni. Bendi iitwayo The Band ilitoa albamu yake ya kwanza Julai 1968, mwaka wa maandamano na mauaji, mwaka ambao kumchukia baba yako ilikuwa mtindo. Ndani ya jalada waliweka picha kubwa wakiwa wamesimama pamoja na wazazi na jamaa zao. Katika maisha yangu ya kukusanya santuri sijaona jalada la uasi kuliko hilo. Uingereza, Fairport Convention walipata ajali ya gari Mei 1969 iliyomuua mpiga ngoma wao, kijana Martin Lamble. Waliobaki wakaacha kuiga Marekani, wakaingia kwenye maktaba ya nyimbo za jadi ya Cecil Sharp House, London, wakatoka na albamu ya Liege & Lief mwishoni mwa mwaka huo, nyimbo za mashujaa na wachawi wa Kiingereza kwa violini na umeme.

Mtaniuliza: na sisi je? Baadhi yenu hapa, msikatae, mlivaa bugaluu na viatu vya raizoni. Na miaka ya 1970 mahipi walifika wenyewe hadi Lamu, wakatandika mikeka yao chini ya macho ya wazee ambao hawakufurahishwa na mavazi yao, au upungufu wake. Serikali zetu zilimtambua hipi kwa nguo. Hapa Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikawa haramu, kwa jina la kulinda utamaduni wetu. Naona ucheshi mchungu hapo. Miaka ileile ambayo sisi tuliwafukuza barabarani vijana waliovaa kizungu ili turudi kwenye asili, watoto wa wazungu walikuwa wanavua mavazi ya kizungu ili warudi kwenye asili. Sisi tulihubiri vijiji vya ujamaa tangu 1967. Wao walikuwa wakianzisha mashamba ya pamoja New Mexico na Vermont, na mwaka 1971 Tennessee. Sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Nasema hakuna aliyechungulia dirishani kuona jirani anafanya nini.

Lakini nyimbo zilikuwa zimechungulia zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika na kinasa sauti, alimkuta kijana barabarani Jadotville, Katanga, mji ambao leo ni Likasi. Kijana ni Jean-Bosco Mwenda, mwimbaji wa Kiswahili cha Katanga, mpiga gitaa kavu kwa gumba na kidole cha shahada, kama Mama Cotten, ila wa kulia na bila kugeuza gitaa. Rekodi yake ya Masanga ilisafiri mpaka mikononi mwa wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani. Kiangazi cha 1969, wiki chache kabla ya Woodstock, Mwenda alipanda jukwaa la Tamasha la Newport, lilelile la Dylan na John Hurt. Mkongomani mwenye nyimbo za Kiswahili alikuwa miongoni mwa wazee waliokopwa, na nyumbani hatukumtangaza.

Malaika nao mnaujua. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya mwaka 1965, na albamu ikapata Grammy ya rekodi bora ya muziki wa jadi. Huku kwetu ubishi wa nani mtunzi, Fadhili William au Adam Salim, haujaisha. Tunabishana kwa sababu wakati ule hakuna aliyeandika. Na Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 Johannesburg, alifariki maskini mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya wimbo wake kuwa namba moja Marekani kwa jina la The Lion Sleeps Tonight na kwa sauti za vijana wengine. Pete Seeger ndiye aliyeupeleka kwa Wamarekani kwa kuusikia vibaya santurini, akaimba Wimoweh. Ninampenda Seeger, lakini kupenda hakumwondolei mtu hesabu. Familia ya Linda ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baada ya mzee kuzikwa.

Mengine ya urithi wa mahipi nayapita haraka maana mnayaona kila siku: jinzi ofisini, chakula kisicho na kemikali, Siku ya Dunia iliyoanza 22 Aprili 1970 kwa maandamano ya Wamarekani milioni 20, hata baadhi ya mawazo yaliyozaa kompyuta ya mtu binafsi kule California. Hayo yana wasifu wake na wasemaji wake.

Mimi nina ombi kwa ninyi vijana mliojazana nyuma karibu na mlango ili mkichoka mtoroke bila aibu, ninyi mnaotengeneza midundo kwenye kompyuta na kupachika vipande vya taarab ya zamani, vya Mbaraka Mwinshehe, vya ngoma za bibi zenu. Endeleeni, kopeni; kila kizazi kimekopa. Ila Georgia Turner tunamjua kwa sababu Lomax, siku ile Middlesboro, aliandika jina, mji na tarehe kabla ya kufunga mashine yake. Ukimrekodi mzee, andika jina lake kamili, kijiji chake, na nani alimfundisha. Fedha zikija, mpelekee fungu lake angali hai.